Shangazi, Ninaogopa Kuhesabu Watoto

Shangazi,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si padre, si Eliza. Ninaamini. Ninaamini kwamba mtoto akinyooshewa kidole na kuhesabiwa, kuna kitu kinaisikia ile namba na kumfuata. Mimi niliyemaliza kidato cha nne. Mimi niliyesimama mbele ya wazazi kanisani nikasema, kwa hii sauti yangu ambayo ulikuwa unaiita sauti ya kifaranga, kwamba namba haziumi mtu. Nilikuwa ninawadanganya. Ninakuambia wewe kwa sababu uko mahali ambapo hata ukinicheka sitasikia.

Unisamehe kwa kukuandikia badala ya kuja. Murungu tulikokulaza kando ya mume wako ni mbali kutoka hapa Heru Juu, na baba anasema msichana haendi Kibondo peke yake kwenda kukaa juu ya kaburi. Basi nimekaa kwenye kile kibaraza chako. Nyumba imefungwa, lakini kibaraza hakuna aliyekikataza.

Nikuambie kwanza yaliyobadilika, ndipo uelewe kwa nini ninaogopa.

Darasa lako la chekechea ninalo mimi. Baada ya matanga, mwenyekiti wa kigango aliniambia, "Skola, wewe ulikuwa unamsaidia marehemu, wasogeze sogeze hawa watoto mpaka tupate mtu." Mtu hajapatikana. Ninafungua kile chumba cha nyuma ya kanisa asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa kwenye migomba, ninatandika mikeka, na watoto wanaingia na tope lao. Sitakuandikia ni wangapi. Utaelewa.

Yale maharage yako ya kuhesabia yalipikwa matangani. Kina mama waliyakuta jikoni kwako kwenye kile kimfuko, wakadhani ni ya mboga. Niliyatambua kwenye sahani, yale ya madoadoa mekundu, ambayo tuliyachagua pamoja moja moja ili yafanane ukubwa. Niliyala. Kila mtu alidhani ninalia kwa ajili yako tu, na ilikuwa kweli, lakini yale maharage pia.

Nikahamia kwenye kokoto. Joeli, mtoto wa fundi baiskeli, akaingiza moja puani, tukakimbia naye zahanati, na kamati ikapiga marufuku mawe. Vizibo vya soda vilikuwa vimebaki vichache na walivigombania mpaka kung'atana. Nikawa sina kitu cha kuhesabisha, Shangazi. Na wewe unajua walivyokuwa. Walikuwa wanaimba moja mpaka ishirini vizuri sana, wageni wanapiga makofi, lakini ukimwambia mmoja akupe vijiti vitatu anakuletea konzi nzima. Wewe ulikuwa unasema, "Anayeimba bado hajahesabu." Halafu unawashika vidole: kidole kimoja, kitu kimoja, neno moja. Kidole hakirudi nyuma, hakiruki. Nilikuwa ninakuangalia na kudhani ni jambo rahisi.

Basi nilitazama darasani na kuona kitu pekee kilichokuwapo kwa wingi, ambacho hakiingii puani. Watoto wenyewe.

Niliwapanga mstari. Mmoja anapita, anamgusa mwenzake kichwani, anasema namba. Kidole kimoja, mtu mmoja, neno moja. Walipenda mno! Namba ilipokuwa na nywele na pua na inacheka, waliielewa. Wale waliokuwa wakiruka kutoka tatu kwenda tano walikuwa wanarudishwa na wenzao: "Hujanigusa mimi! Mimi ndiye nne!" Ndani ya muda mfupi hata yule mtoto wa mwisho wa kwa Ntahondi, ambaye hakuwahi kusema neno darasani, alipita mstari mzima akinong'ona, na hakukosea. Nilirudi nyumbani ninatembea kama mtu aliyefaulu mtihani. Nilisema, Shangazi angeniona leo.

Sikujua. Au nilijua nikasahau, sijui lipi. Mama yangu akiulizwa ana watoto wangapi husema, "Hawa unaowaona." Nilidhani ni namna ya kujibu tu. Shuleni tulihesabiwa kila asubuhi mstarini, tunapaza namba zetu kama askari, na hakuna aliyekufa. Nilidhani mambo hayo yamebaki kwa wazee.

Na wewe hukuwahi kuniambia kwa nini kila mtoto aliyeingia mlangoni alikuwa anadondosha harage moja kwenye bakuli. Nilidhani ni mchezo wako wa kuwakaribisha. Mwisho wa asubuhi ulihesabu yale maharage, ukajua wote wapo, na hukumnyooshea mtoto kidole hata mara moja. Miaka yote niliyokaa pembeni yako nikifuta ubao, sikuuliza.

Unamkumbuka Minani wa kwa Mama Eliza, yule mwenye sweta ya dada yake inayofika magotini. Wewe ndiye uliyemwambia kwamba jina lake lenyewe ni namba, kwamba kwetu mtoto wa nane ndiye anayeitwa Minani, ukamchorea nane ukamwambia ni kibuyu chenye kiuno. Tangu siku hiyo aliandika nane kila mahali. Kwenye vumbi, kwenye ukuta wa zizi la mbuzi, kwenye mguu wake kwa mkaa. Akiulizwa na mtu njiani jina lake, alikuwa anachora kwanza ndipo anasema.

Jioni moja nyumbani kwao walikuwa wamekaa kusubiri ugali. Eliza ndiye aliyenisimulia, unajua tulisoma naye darasa moja. Minani akasimama, akasema atawaonyesha alichofundishwa na Mwalimu Skola. Akaanza kwa Eliza, akamgusa kichwani. Moja. Akaenda kwa anayefuata. Mbili. Alipojigusa mwenyewe mwishoni akasema saba. Akasimama akashangaa. Akasema, "Nimekosea. Mimi ni wa nane." Akaanza upya, polepole, kidole hakirudi nyuma, hakiruki. Saba. Wenzake wakaanza kumcheka, "Wewe Minani hujui kuhesabu, rudi kwa mwalimu wako!" Akawa anakaribia kulia.

Hakukosea, Shangazi. Yosefu, kaka yake, alikufa kwa malaria kabla Minani hajazaliwa, na nyumba ile hawamtaji. Mtoto hakujua kwamba kuna mtu aliyepungua. Alijua jina lake ni nane na vichwa ni saba.

Halafu akamwona mama yake ameinama kwenye jiko na tumbo lake la ujauzito. Uso wake ukafunguka, Eliza anasema, kama mtu aliyekuta kitu kilichopotea. Akaenda akaweka kidole juu ya tumbo la mama yake, akasema kwa sauti kubwa, "Nane! Huyu hapa!"

Mama Eliza aliweka mwiko chini. Bibi yao, mama yake baba yao, alimshika Minani mkono akauvuta kwa nguvu mpaka akaanguka.

Kesho yake damu ikaanza kumtoka Mama Eliza. Ujauzito ulikuwa bado wiki kadhaa kutimia. Walimfunga kanga mbili na kumpandisha pikipiki katikati, dereva mbele, Eliza nyuma akimshikilia, mpaka hospitali ya mjini Kasulu.

Asubuhi ile ile Bibi alikuja darasani. Nilikuwa ninaandika tano ubaoni. Alisimama mlangoni na mvua mgongoni. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Hakuitikia. Hicho ndicho kilichonitisha kabla ya maneno yoyote. Akasema, "Yewe, mwana wa Petro. Nani alikutuma kuhesabu watu wangu?" Akasema tena, taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, "Umemweka mjukuu wangu aliye tumboni mahali pa marehemu. Ile nafasi ina mwenyewe. Mwenyewe akija kuichukua, utasemaje?"

Halafu akamshika Minani sikio wakaondoka. Watoto waliobaki walinitazama. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, tuimbe?" Tukaimba.

Tangu siku hiyo ninaogopa, Shangazi. Kila nikisikia pikipiki inapanda kilima nadhani inaleta habari. Nilikuwa nikienda kisimani kina mama wananyamaza, wanashughulika na madumu yao. Watoto walianza kupungua darasani, leo yule, kesho huyu, na mimi nilikuwa ninaona mapengo kwenye mkeka lakini ninakataa kujua ni mapengo mangapi. Vijana wa bodaboda pale njia panda walinipa jina, wakawa wanaita, "Mwalimu wa Kuhesabu!" Mmoja alijificha nyuma ya mwenzake akasema, "Dada, kidole chako kishushe chini, mimi bado sijaoa!" Wakacheka wote. Na mimi, Shangazi, nilishusha mkono kweli. Nilikuwa nimeunyanyua kurekebisha kilemba.

Mwenyekiti aliita wazazi. Aliniambia niwaeleze. Ndipo nikasema ile kwamba namba haziumi mtu. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe binti, Mama Eliza akipoteza huyo mtoto, utakuja tena kutuambia hivyo?" Nikasema ndiyo. Mwenyekiti akasema basi tusubiri, mtoto akizaliwa salama darasa liendelee, la sivyo chumba kifungwe. Watu wakaitikia na kwenda nyumbani kwao. Darasa lako la miaka yote hiyo likawa limewekwa juu ya mtoto ambaye bado hajazaliwa. Lakini nikuambie ukweli, nilikuwa siogopi kwa ajili ya darasa. Nilikuwa namwogopea yeye. Nilikuwa ninamwona huko ndani gizani ana kidole changu juu yake.

Nilienda kumwona Mama Eliza. Sikutumwa. Nilishindwa tu kukaa. Nilibeba ndizi na uji kwenye chupa ya chai, na njia nzima nilikuwa nimefumba macho nyuma ya dereva mpaka akasema, "Mwalimu, legeza mikono, unanikata pumzi."

Kwenye wodi ya wazazi nilimkuta amelala ubavu, miguu imeinuliwa kwa blanketi lililokunjwa. Bibi alikuwa amekaa chini kwenye kanga anamenya karanga za kuchemsha. Aliponiona aliacha kumenya. Nikataka kugeuka. Mama Eliza akasema, "Njoo Mwalimu, kaa hapa. Mbona unatetemeka kuliko mimi niliyelazwa?" Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Akaniuliza, polepole, Bibi asisikie, "Kweli Minani alihesabu mpaka mwisho bila kuruka?" Nikasema kweli. Akatabasamu kidogo akafumba macho. Kwa hiyo hakuwa amenichukia. Nilitamani anichukie, ingekuwa rahisi.

Nesi akaja. Akapima presha, akasikiliza tumbo, akauliza, "Tangu asubuhi amecheza mara ngapi?" Mama Eliza akajibu, "Anacheza." Nesi akasema, "Mama, kila siku nakuuliza mara ngapi, kila siku unaniambia anacheza. Nimekuambia uhesabu mateke yake. Akicheza kidogo ndiyo dalili ya hatari." Mama Eliza akatazama ukutani. Bibi akasema, "Anacheza sana, mwanangu, anacheza vizuri." Nesi akashusha pumzi. Akaniona mimi. "Wewe ni nani yake?" Nikasema kwa shida, mwalimu wa mtoto wake. "Mwalimu? Basi Mungu amekuleta. Weka mkono hapa. Mpaka nitakaporudi mateke yafike kumi. Yasipofika, usikae hapa kuniombea, njoo uniite pale mezani." Akaondoka, alikuwa na wagonjwa wengi.

Shangazi, ndipo nilipoelewa. Mama Eliza hakuwa amehesabu hata teke moja tangu alazwe. Aliogopa. Alikuwa anamficha mtoto wake asisikike, na huko kumficha ndiko kulikomfanya nesi asijue hali yake. Na mimi ndiye niliyeleta ule woga kitandani kwake. Nikimhesabu, namhesabu tena yule niliyesababisha ahesabiwe. Nisipomhesabu, hakuna atakayejua.

Bibi alisema, "Aliye tumboni hahesabiwi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema mtu anayeogopa, na ndipo nilipomtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alikuwa amelala sakafuni pale tangu alipowafuata. Alikuwa ameshamzika mjukuu mmoja.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema, "Bibi, yeye hatumhesabu. Tunahesabu mateke." Nikaendelea kwa sababu nikinyamaza nisingeweza tena, "Wala sitasema namba. Teke moja, karanga moja. Wewe mwenyewe uweke."

Alizitazama karanga mikononi mwake. Halafu akasema, kama anajibizana na mtu ambaye simwoni, "Teke si mtu. Teke ni kazi ya mguu." Akachukua kifuniko cha hotpoti akakipangusa kwa kanga yake, akakiweka juu ya kitanda.

Tukakaa. Mkono wangu kwenye tumbo la Mama Eliza, chini ya mkono wake. Lilikuwa gumu na la moto. Likaja teke, dogo, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Niliitikia kwa kichwa. Bibi akaweka karanga. Tukasubiri. Jua lilikuwa limesogea kutoka kwenye kitanda cha jirani likafika kwenye miguu yetu. Likaja jingine. Karanga. Mama Eliza akasema kwa Kiha, akimwambia yule wa ndani, acha uvivu, shangazi zako wote walikuwa wacheza ngoma. Bibi akacheka bila sauti. Tukasubiri tena. Mwanamke wa kitanda cha pili, Mkongomani aliyeletwa kutoka kambi ya Nyarugusu, alitutazama, akatazama kifuniko, akaelewa, akaanza kuomba kwa Kiswahili chao na macho yameshafumbwa.

Likaja jingine, na nilibishana na mkono wangu kama ni teke kweli. Niliitikia kwa kichwa. Bibi aliweka karanga. Na baada ya hapo, hakuna.

Wewe uliwahi kuniambia kwamba mtoto akikomaa katika namba, vitu vichache havihesabu, anaviona tu. Unamwekea vijiti viwili au vitatu, anasema papo hapo. Nilikitazama kile kifuniko na sikuhitaji kidole. Zilikuwa tatu. Nilitamani ziwe nyingi kiasi cha kunilazimu kuhesabu. Nilizitazama tena na tena, labda moja imejificha chini ya nyingine. Zilikuwa tatu.

Bibi alikuwa ananitazama usoni. Hajakanyaga shule, lakini tatu anaijua, kila mtu anaijua. Mama Eliza akaufinya mkono wangu akasema, "Nenda."

Unajua mimi siwezi kusema mbele za watu. Unakumbuka ulivyonituma dukani nikarudi bila chumvi kwa sababu kulikuwa na wateja. Pale mezani walikuwa manesi na daktari mmoja wanaongea. Nilisimama. Nikasema, "Samahani." Hawakusikia. Nilifikiri, nikisema ile namba kwa sauti, nitakuwa nimeitangaza, kila kitu kinachosikia kitasikia. Nilikuwa na hofu ya namba yenyewe, Shangazi, nilihisi iko mdomoni kama jiwe la moto. Nikapiga kelele. Mimi. "Tatu! Mama Eliza ni tatu tu!"

Wote wakageuka. Yule nesi hakuniuliza tatu nini. Alikimbia.

Yaliyofuata siyajui kwa mpangilio. Walisikiliza tumbo, wakatazamana. Kitanda chenye magurudumu. Bibi akaweka kidole gumba kwenye karatasi kwa niaba ya mwanawe aliyekuwa shambani. Milango ya chumba cha upasuaji ikafungwa na sisi tukabaki kwenye benchi, Bibi ameshika kile kifuniko mapajani hajui kwamba amekishika. Nilitaka kumwambia nisamehe. Mwishoni ni yeye aliyesema. Alisema, "Yosefu naye alikuwa na mateke. Huyo hata usingizini alikuwa anapiga mateke." Akasema jina lake hivyo, waziwazi, kwenye korido. Halafu akalia, na mimi nililia naye, nikimlilia Yosefu ambaye simkumbuki, na wewe.

Ni msichana. Mdogo mno. Alilia sauti moja tu tukaisikia mlangoni, halafu wakampeleka kwenye wodi ya watoto njiti, kwenye joto, amevaa kofia inayomfika puani. Mama yake yuko salama, ana mshono, hawezi kucheka na watu wanamchekesha.

Ungefikiri hofu imekwisha. Haijaisha. Daktari alisema tusubiri, bado ni mchanga sana. Nilipoaga, Bibi alinisindikiza mpaka getini. Hakunishukuru na sikutaka anishukuru. Alisema, "Usitaje namba yoyote mpaka tumtoe humu." Nikasema sawa, Bibi. Nikaitunza ahadi hiyo njia nzima, hata dereva aliponiuliza saa ngapi nilimwonyesha simu.

Na mpaka leo ninapoandika yuko hai. Ninaandika "mpaka leo" na mkono unasita. Eliza akinipigia ninaiacha simu iite kidogo kabla ya kupokea, nipate dakika moja zaidi ya kutokujua. Jana alinipigia kusema mtoto ameanza kunywa maziwa kwa kijiko. Sikuweza kusema hata hongera. Nilikaa chini kwenye majani.

Jumatatu darasa linaendelea. Mwenyekiti amekubali, na Bibi ametuma neno kupitia kwa Eliza: Minani atakuja, lakini asiguse vichwa. Nimepata maharage mapya sokoni, si mazuri kama yako, yana rangi tatu, lakini yatafaa. Nimepata bakuli. Watayadondosha mlangoni wakiingia. Na sasa ninajua kwa nini, au ninajua sehemu. Nilidhani ulikuwa unaogopa kama Bibi. Sasa ninafikiri labda ulijua kwamba mlangoni kwako wanaingia watoto wa nyumba zenye mapengo, na ukimfundisha mtoto kuhesabu, siku moja atahesabu nyumbani kwao na kukuta pengo. Hukutaka akutane nalo kabla mama yake hajawa tayari. Sijui kama nimepatia. Ningekuuliza.

Minani ataniuliza. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kilima na pikipiki na simu. Ataniuliza kwa nini walikuwa saba. Nimeongea na mama yake, amesema atamwambia mwenyewe habari za Yosefu atakapotoka hospitalini, na kwamba mimi nimwambie kitu kimoja tu, kwamba hakukosea. Nitamwambia hivyo asubuhi mapema, kabla wenzake hawajafika. Ulihesabu sawasawa, Minani. Nimefanya mazoezi ya kusema bila kutetemeka. Nimemwambia mbuzi, nimeuambia mgomba.

Shangazi, nitalala hapa kibarazani kidogo halafu nitaenda kuteka maji. Pumzika huko Murungu. Baba akikubali, nitakuja wakati wa kupanda maharage na kupalilia kaburi lako kwa jembe langu mwenyewe. Ninakuahidi hili: nitawafundisha kuhesabu kila kitu. Mahindi kwenye gunzi, madirisha ya kanisa, mateke, nyota kama wakitaka. Nitawafundisha namba mpaka wazizoee kama wanavyozoea uji, na hakuna hata mmoja atakayesikia sauti yangu ikivunjika nikifika kwenye tatu.

Lakini lile nililokuambia mwanzoni libaki kati yetu. Usimwambie mama katika ndoto, najua unamtokea. Usimwambie mumeo. Kama huko uliko yupo Yosefu, usimwambie hata yeye, ni mtoto. Watoto wakijua kwamba mwalimu anaogopa, wataogopa wote, na wataenda nao nyumbani huo woga kama walivyoenda na kidole. Acha niubebe mimi peke yangu mpaka wenyewe uchoke na kuondoka. Nifichie, Shangazi.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Skola